Babu Yako Yoeli na Vita

Mjukuu wangu Kokugonza,

Huku Buhembe tu wazima, ni upepo tu ulioangusha migomba miwili. Umeniuliza kama ni kweli kaka yangu Yoeli alitoroka vitani, kwa kuwa umeanza kutafuta habari zake jeshini.

Vita vya Kagera vilipokwisha, Yoeli hakurudi wala hatukuletewa taarifa. Majirani wakanong'ona kwamba amekimbia, na mama hakuthubutu hata kumlilia. Niliposikia kuwa mwenzake wa kikosi anavua samaki kisiwani Bumbire, nilipanda mtumbwi nikamfuata.

Nilimkuta anashona nyavu. Nilipotaja jina la Yoeli, mikono yake ilisimama.

"Nani amekutuma?"

"Mama. Anataka kujua kama mwanawe alitoroka."

Alinyanyuka ghafla. Nikarudi nyuma nikidhani atanipiga, kumbe ananisogezea kigoda nikae.

"Yoeli aliogopa kama sisi sote, lakini hakukimbia. Nilimshika mkono mpaka akakata roho, akimwita mama yake. Nimeshindwa kuja kumwambia."

Nilipofika nyumbani nilimweleza mama nikiwa bado mlangoni. Aliuliza tu, "Aliniita?"

"Ndiyo, mama. Alikuita."

Akafunga kitenge kiunoni, akatoka uani, akapaza sauti: "Majirani, njooni! Nina msiba!"

Huko jeshini uliza yote unayotaka, mjukuu wangu. Ila ukimpata mzee aliyekuwa na Yoeli vitani, usimharakishe.

Nyumba nzima inakusalimu.

Bibi yako