Soksi Iliyonasa Nyuma ya Kibanda

Baba Firdausi,

Chai iko kwenye chupa. Kibanda cha kulala cha pikapu nimekisafisha. Ule mwanya kati yake na kichwa cha gari mkono hauingii, nikafunga mswaki wa zamani kwenye ufito, nikachokonoa tope.

Mswaki ukatoka na soksi ya mtoto mchanga.

Nikakaa chini palepale. Kila wiki unalala Kibondo, eti kazi, na nguo nakupigia pasi mimi! ~~Huyo mwanamke nikimpata~~

Kisha nikaigeuza. Uzi wa njano, ukingo umekunjwa mara mbili, vilevile nilivyomfundisha Firdausi kufuma. Mwanangu uliyemfukuza kwa sababu ya mimba, ukaapa asitajwe humu ndani. Kumbe wewe unakwenda kumwona? Mjukuu umeshambeba, na mimi nalia jikoni peke yangu?

Kama nimekosea, basi una jambo baya zaidi. Usinipigie simu, sitapokea. Nimepanda gari la Kibondo, nitaulizia nyumba kwa nyumba.

Mbuzi wafungulie. Blanketi zito usilitafute, nimempelekea mtoto.

Mama Firdausi