Seva Iliyomtii Kila Mtu

Dada Esteri, shikamoo. Tunatumaini watoto huko Kibondo wamepona mafua. Hapa Kasulu mvua imekubali, na mama anapalilia maharage akiimba.

Shuleni tunahifadhi kazi kwenye seva yetu wenyewe. Unaandika jina kwenye kisanduku, nayo inakutengenezea folda. Unajua mama hataki pacha atajwe bila mwenzake, basi nikaandika "Aline & Divine". Seva ikajibu kwamba haijui amri iitwayo Divine. Nikashtuka. Kumbe kilichofuata alama ile ilikichukua kama amri! Mtu mbaya angeweza kuiamuru ifute matokeo ya shule nzima.

Mwalimu Prudence alishasema atakayechezea seva ataondolewa kwenye klabu ya kompyuta. Divine akaninong'oneza, "Nyamaza, we! Utafukuzwa."

Nikaenda kumwambia mwalimu hata hivyo.

"Umeivunja?" akauliza.

"Hapana, mwalimu. Inamtii kila mtu."

Akajaribu mwenyewe, akaguna, kisha akavuta kiti cha pili. "Kaa. Tuifundishe kukataa."

Sasa kisanduku kinapokea herufi na tarakimu tu. Nimebaki klabuni, dada, na Jumamosi nitatafuta matundu mengine, safari hii kwa ruhusa.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Aline