Kula Si Lazima

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu mstaafu kaja tena. Eti suruali ipunguzwe kiuno. Ya tatu hii — kiuno chenyewe kiko wapi? Anayemfuata ni Mama, mtaa mzima unajua. Leo kaja na ubao wa sataranji kwapani. Akaitazama drafti yetu ya vizibo vya soda, akasema huo mchezo wa watoto. Kumwambia Mama hivyo!

Alhamisi, 6 Machi
Somo la kwanza, juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Mwalimu akaeleza: mfalme husogea hatua moja tu, wote wanamlinda, anayehangaika ni malkia. Mama akasema huyo mfalme anamjua, alishaolewa naye. Marehemu Baba atusamehe, nilicheka mpaka nikakata shati la mteja.

Jumapili, 9 Machi
Mama kafungwa tena na tena. Mazoea ya drafti: kwetu ukiona cha kula lazima ule, usipokula kete yako inaondolewa. Basi anakula kila kitu, hata mtego.
Mwalimu: "Mama Fundi, huku kula si lazima!"
Mama: mchezo gani huo wa kukataa chakula mezani?
Fundi baiskeli akachungulia dirishani: bao ndilo kiboko, kete ukiila inahamia kwako, inakufanyia kazi. Kama ndoa. Nani kamuuliza?

Jumatano, 12 Machi
Jana Mama kamfunga Mwalimu! Leo Mwalimu kasema wazi anataka kumuoa. Mama: tucheze Jumamosi. Ukinifunga, nakuja kwako. Nikikufunga, suruali zako peleka kwingine.
Naogopa. Akiondoka nitabaki na cherehani tu humu ndani. Nimeomba Mama ashinde. Dua mbaya, najua.

Jumamosi, 15 Machi
Wanacheza. Naandika mezani pembeni yao, najifanya napanga vipimo vya mteja.
Malkia wa Mwalimu kabaki wazi! Hata mimi nimemwona. Farasi wa Mama anamfikia — amle tu, na Mwalimu na viuno vyake kwaheri. Mwalimu naye kaona, jasho linamtoka. Mama hajawahi kuacha cha kula maishani.
Kainua macho. "Huku kwenu kula si lazima, au nimesahau?"
"Si lazima." Sauti imemkauka.
Mama kasogeza kaaskari ka pembeni. Hatua moja.
Mwalimu anatazama ubao, anamtazama Mama. Hajagusa kitu.
Mama, bila kugeuka: "Na wewe, vipimo gani hivyo visivyoisha?"