Tangi Linalojijaza

Jumatatu, 3 Juni

Lori la Baba limefungwa tangi la pili leo. Tajiri, mwenye malori, hataki tena kulilisha dizeli tupu. Sasa litawashwa kwa dizeli, likipata moto linahamia mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kazi, yale ya majiko ya hoteli. Kabla ya kulizima, dereva analirudisha kwenye dizeli ili mipira ya mafuta isafike. Akisahau, mafuta yanaganda ndani na asubuhi haliwaki. Kazi yote ni ya swichi moja kando ya usukani. Baba aliibonyezabonyeza kama mtoto aliyepewa redio.

Niliitwa nisome maelekezo, maana mimi ndiye karani. Nikashika boksi. Ndani valvu mbili — moja ya mafuta yanayokwenda kwenye injini, moja ya yale yanayobaki na kurudi. Fundi alifunga ya kwanza, akanyoosha mkono apewe ya pili. Tajiri akaitia mfukoni. Ya lori lile jingine hii, alisema. Fundi akauliza, sasa yanayorudi yatakwenda wapi? Yatarudi tu, Tajiri akajibu, kwani yana miguu ya kutorokea?

Tulicheka. Na mimi nilicheka. Baba hakuwepo, alikuwa kwenye kebini anajaribu swichi yake.

Kwa valvu moja, mafuta machafu yote yanayobaki yataishia kwenye tangi la dizeli. Safari nzima, mpaka swichi ikirudishwa inavuta mafuta yaleyale. Nilisoma fizikia miaka mingi, lakini hili halihitaji fizikia.

Jumatano, 12 Juni

Lori halikuwaka. Stata ilikohoa mpaka betri ikalala. Tajiri akasema mzee umesahau swichi. Baba akasema nimeirudisha pale kwenye mzani, kama kila siku. Basi swichi imekusahau wewe, alisema Tajiri.

Fundi alikuwa chini ya lori. Hakutoka mpaka watu walipotawanyika.

Ijumaa, 14 Juni

Tena. Sikutazama dirishani.

Jumanne, 18 Juni

Baba aliingia ofisini akiwa ameshika kofia, kama siku ile alipokuja kuniombea kazi hii. Akamwambia Tajiri kwamba dizeli inaongezeka. Ametoka na nusu tangi, amerudi geji iko juu zaidi. Alisema polepole, maana alijua inavyosikika.

Wapakiaji walikuwa mlangoni. Mmoja akasema, mzee tuazime hilo tangi, tulitilie unga. Mwingine, mimi nitalitilia mshahara. Tajiri alicheka hadi akafuta macho. Madereva wote wananililia dizeli imepungua, wewe peke yako imezidi! Kisha akaacha kucheka. Umechoka, mzee wangu. Hata mashine hupumzishwa.

Baba akanigeukia. Mwanangu umesoma, jambo hili linawezekana?

Nilisema sijui, Baba.

Nimeiandika hapa niione. Sijui, Baba. Tajiri alikuwa ananitazama, na bado niko kwenye majaribio, na nyumbani tunakula kwa mishahara miwili, wangu na wa Baba, yote ya mtu mmoja huyu. Sababu ninazo nyingi, zote nzuri.

Jumatano, 19 Juni

Baba amefunga kitambaa chekundu kwenye swichi ili asiisahau. Nyumbani anafunga mlango, analala, anaamka kuutikisa. Mama naye ameanza: umekunywa dawa? Umezima taa? Zamani angemjibu kwa mzaha. Leo aliinuka kwenda kutazama taa. Ilikuwa imezimwa.

Mtu aliyekuwa akitusimulia kila kona ya kila barabara, na nani alipinduka wapi. Leo ameniuliza kama amekula.

Alhamisi, 20 Juni

Nimemfuata fundi nyuma ya stoo. Nikamwambia wewe unajua. Akasema na wewe unajua. Nikasema wewe ndiye fundi, neno lako lina uzito. Akasema dada, mimi nina spana, wewe una vyeti; nikifukuzwa hapa nani ataniajiri na mgongo huu? Tukarushiana lile jambo kama kaa la moto. Mwisho akaniomba radhi, nami nikamwomba yeye. Heshima tupu. Kisha kila mtu akarudi kazini.

Ijumaa, 21 Juni

Tajiri ameamua. Kesho nitapanda lori na Baba, nimtazame. Jumatatu nitoe jibu: alirudisha swichi au hakurudisha. Akiwa amesahau, akapumzike. Nikisema hakusahau halafu lori lisiwake, basi namficha baba yangu, na Tajiri hana kazi na karani mwongo. Alisema kwa upole, akanigusa bega.

Hajauliza habari ya valvu. Labda ameisahau. Yeye anaruhusiwa kusahau.

Jumamosi, 22 Juni

Kebini inanuka jiko la hoteli. Baba alinambia, ukiona nimepitiliza mzani, nikanyage mguu tu, usiseme, nisijione mtoto. Sikumkanyaga. Tulipofika mzani alirudisha swichi mwenyewe, akaniangalia kama mtu anayengoja maksi. Nikasema umerudisha, Baba. Mbele kidogo akauliza tena, nimerudisha?

Geji ya dizeli ilikuwa imepanda. Tuliiona wote wawili. Nilifungua mdomo, nikasema hewa ni nzito humu.

Jumatatu, 24 Juni

Halikuwaka.

Tajiri alikuja dirishani kwangu. Karani, alirudisha au hakurudisha? Kabla sijajibu, Baba akasema kutoka kwenye kebini, kwa sauti ya yadi nzima: nilisahau. Mtoto alinikumbusha, sikumsikiliza.

Uongo. Nilimwona kwa macho yangu. Sijui kama ananilinda, au kama ameamini. Lililo baya zaidi kati ya hayo mawili silijui pia.

Ufunguo wa lori uko mezani kwangu, na kitambaa chekundu juu yake. Fundi amesimama kwenye lango la stoo, anafuta spana ambayo ni safi. Tajiri yuko mlangoni. Amesema anataka kusikia na kwa kinywa changu, ili pasiwe na maneno baadaye. Nimemwomba anipe kidogo nimalize hesabu ya mzigo. Anadhani ndiyo ninayoandika.

Baba yuko nyuma yake, kofia mkononi. Ananitikisia kichwa, polepole — usiseme. Au anajiambia mwenyewe: hukurudisha.

Karani, anasema Tajiri. Nakungoja.