Barua Ambayo Haijatumwa

Jumatatu, 4 Novemba
Shemeji Lazhar amekuja na chupa ya mafuta mapya ya zeituni. Ametoa pole tena, kana kwamba kaka yake, mume wangu Ridha, amefariki jana. Miezi mitatu sasa. Kisha, huku akikoroga kahawa: eti niuze tu shamba la mizeituni aliloacha marehemu, kuliuza si kumzika Ridha mara ya pili.

Nimeshtuka! “Kumzika mara ya pili” — maneno hayo ni yangu. Niliyaandika kwenye barua ya kumwambia wakili kwamba siuzi. Barua bado imo kwenye kompyuta. Sijamwonyesha mtu.

Lazhar aliigusa kompyuta siku ya arobaini, akitengeneza printa. Olfa naye aliikalia wiki nzima akitafuta picha za baba yake, kabla hajarudi Montreal. Lakini Olfa ni mwanangu.

Jumanne, 5 Novemba
Nimefungua daftari la Ridha. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta hii, aliiweka mwenyewe, na kila amri kaiandika kwa penseli, kwa mwandiko ule wake wa mwalimu ubaoni. Huduma zinazojiendesha kichinichini — orodha ndefu! Bluetooth, ya nini? Nimezima. Ya kutafuta mashine za jirani, nimezima. Ya kuchapa nimeiacha. Halafu hii: inamwezesha mtu aliye mbali kuiona skrini yangu yote. Ridha hakuiandika popote. Nikapiga amri ya kuizima, systemctl disable. Moyo umetulia kidogo.

Alhamisi, 7 Novemba
Jana niliweka mtego. Niliongeza kwenye barua kwamba nitawakodisha shamba watu wa Mahdia. Uongo mtupu.

Leo asubuhi Lazhar mlangoni, hata salamu hakumaliza. “Watu wa Mahdia, shemeji? Wale wanaoichapa mizeituni fimbo kama punda wa kuazima?” Nikamuuliza kasikia wapi. “Sfax nzima inajua!” Sfax nzima! Mimi hata paka sikumwambia.

Kwa hiyo haikuzimika. Nimerudi kwenye daftari. Kumbe amri ile huizuia tu isiamke mashine ikiwashwa upya. Iliyokwisha kuamka huendelea. Na mashine hii haizimwi. Ridha alipenda kulala akisikia feni yake, nami sijaweza kuinyamazisha.

Ijumaa, 8 Novemba
Saa tisa alasiri. Nimepiga amri ya kuisimamisha papo hapo, stop. Safari hii nimehakikisha: imesimama. Nikakaa kumsubiri Lazhar apige simu.

Simu imelia kabla chai haijapoa. Montreal!

“Mama, mbona skrini imekatika?”

“Skrini ipi, binti yangu?”

Akaeleza mbiombio — aliiweka ili ajue niko mzima, niko peke yangu, akiona herufi zinatembea anajua mama kaamka. Yawezekana ni kweli. Alikuwa hivyo hata utotoni, akija kunigusa pua nikilala mchana.

Nimemuuliza: na barua, ulimsomea nani?

Simu iko sikioni. Naandika ili nisiseme neno baya. Anavuta kamasi. Anasema ami Lazhar hana nia mbaya. Anasema, “Mama, usikasirike, lakini lile shamba na mimi nina sehemu —”