Ua la Tano

Padova, 22 Februari 2004

Mwanangu Zina,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na paka na lile jiko la kuni ambalo najua linatoa moshi kwa sababu hujalisafisha. Mimi sijambo. Magoti yanalalamika, lakini yalianza kulalamika kabla sijavuka mpaka wowote. Bi Ornella ninayemtunza naye yupo, anakula vizuri na ananiita kwa majina ya dada zake wote.

Sasa nisikilize. Dada yake mmoja anakaa ng'ambo ya barabara na anatafuta mtu wa kumwangalia. Nimekutaja wewe. Amekubali kungoja mpaka mwisho wa Aprili. Tutaonana kila siku, Zina. Huu ni mwaka wa tano huku ugenini nakula chakula cha jioni peke yangu, nikiongea na ukuta, na siku hizi ukuta umeanza kunijibu.

Najua utasema darasa. Hiyo chekechea niliifundisha mimi kabla yako, naipenda kama unavyoipenda. Lakini nimesikia meya amesema watoto wakiwa chini ya kumi ataifunga, wapelekwe kijiji cha pili. Usingoje wakufungie mlango usoni. Nimempa Afanasie, dereva wa basi la kwetu, kahawa na soksi akuletee. Akikwambia kahawa ilimwagika njiani, usimwamini.

Mama yako


Cotul Viilor, 2 Machi 2004

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu. Mimi ni mzima wa afya. Soksi zimefika. Kahawa ilimwagika njiani.

Mama, nina watoto kumi na mmoja. Nipe mpaka baada ya Pasaka. Darasa likifungwa nitakuja huko, wala sitatafuta visingizio. Likibaki, naomba uniache nibaki nalo.

Yale maua meupe yanayotoboa theluji yametoka msituni, nyuma ya zizi la akina Petrea. Jana niliwapeleka watoto. Wewe ulitufundisha maua kwa picha za ukutani. Mimi niliwalaza kifudifudi juu ya majani makavu wayanuse. Mama zao watanisema kwa ajili ya nguo. Marcel, mjukuu wa Bibi Agafia, aliniuliza ua linajuaje kwamba huku juu baridi imepungua. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi tulifukue tuliulize." Tukalifukua. Kitunguu chake cha chini ya udongo sasa kimo ndani ya chupa ya maji dirishani, mizizi inaning'inia, na kila asubuhi wanakiamkia kwa heshima zaidi kuliko wanavyoniamkia mimi.

Mwanao, Zina


Cotul Viilor, 10 Machi 2004

Mama,

Shikamoo. Hali yako? Yangu si nzuri, ingawa siumwi.

Ijumaa tuliandaa maua ya Siku ya Wanawake, kila mtoto ampelekee mama au bibi yake. Kila mmoja alikuwa na maua matano. Niliyahesabu mwenyewe, mimi si mgeni hapa. Kisha Marcel akauliza ndani kuna nini. Nikafurahi, nikawaambia kila mtu apasue moja. Tuliona vijiti vya njano, tukagusa unga wake, tukapakana puani. Kilikuwa kipindi kizuri kuliko vyote tangu nianze kazi. Halafu tukayafunga yaliyobaki kwa uzi mwekundu na mweupe, nikawaaga pale mlangoni nikiwa nimejaa furaha.

Manne, Mama. Nimewatumia wanawake kumi na mmoja, tena kwa sikukuu yao, maua ya kuweka juu ya jeneza.

Wengine walicheka, wengine waliyatupa kimya kimya. Lakini unajua mume wa Bibi Agafia, Mzee Haralampie, hajatoka kitandani tangu Krismasi. Jana Bibi Agafia alikuja darasani na kile kifungu mkononi. "Maua ya jozi, mawili, manne, ni ya marehemu," akasema. "Wangu bado anapumua. Daktari hajamkatia tamaa, wewe mwalimu umeshamchimbia kaburi?" Nilitaka kueleza. Akaniambia, "Eleza kwa wenye muda." Akamchukua Marcel, akamchukua na binamu yake.

Nimebaki na tisa. Mkaguzi kutoka wilayani anakuja wiki ya pili baada ya Pasaka, kuhesabu vichwa. Sina wa kumlaumu. Muulize huyo dada yake Bi Ornella kama anapenda supu ya maharagwe, maana hiyo tu ndiyo ninayoijua vizuri.

Mwanao, Zina


Padova, 21 Machi 2004

Mwanangu,

Natumaini barua hii itakukuta umeacha kulia na umekula kitu. Mimi mzima. Nilipofika pale pa "manne" nilicheka mpaka Bi Ornella akaniletea maji, yeye ambaye ndiye wa kuletewa. Nisamehe. Halafu nikakumbuka Haralampie yuko kitandani, na kicheko kikakatika.

Ningekuwa mjanja ningenyamaza. Darasa lifungwe, nikupate, yaishe. Nimekaa na wazo hilo siku kadhaa, na sikuweza kulimeza.

Kwa hiyo sikiliza. Usiende kueleza. Umesoma chuo, utaeleza mpaka jua lizame, na Agafia hataki maelezo. Anachodai ni ua la tano. Wachukue watoto wote mkapite nyumba kwa nyumba, na kila nyumba mwache ua moja. Semeni tu, "Tulikuwa tumelisahau hili." Akikufungia mlango, acheni getini. Hasira ya Agafia naijua, tulisoma dawati moja. Haipungui kwa kubembelezwa. Inapungua akipata kero nyingine.

Mama yako


Cotul Viilor, 21 Aprili 2004

Mama, Kristo amefufuka.

Nisamehe kwa ukimya huu wote. Sikutaka kukuandikia nusu ya habari. Mimi mzima, na wewe natumaini u mzima.

Tulipita nyumba zote. Yale meupe yalikuwa yamekwisha, tukapeleka maua ya nargisi. Wanawake walipokea, wakatupa mikate ya jibini mpaka watoto wakaumwa matumbo. Kwa Bibi Agafia geti halikufunguliwa. Yeye alisimama ndani, sisi nje, na Mzee Haralampie akaanza kupiga kelele kutoka kitandani, dirisha likiwa wazi.

"Agafia, anayeumwa ni mimi. Wewe umenuna kwa niaba ya nani?"

"Lala. U mgonjwa."

"Naumwa mapafu, siumwi masikio. Walete hao watoto."

"Sileti mtu."

Tukaliacha ua getini, tukaondoka. Wiki ikapita, na nyingine. Marcel hakurudi. Pasaka ikapita. Niliweka vikombe vyangu kwenye sanduku, nikaandika jina langu juu yake.

Jana mkaguzi alikuwa darasani, amekaa kwenye kile kiti kidogo, kalamu mkononi. Watoto tisa. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Bibi Agafia aliingia akiwakokota Marcel na binamu yake, mmoja kila mkono.

"Mwalimu," akasema, "nilikuwa na maua ya tulipu uani kwangu. Sasa nina mabua. Kila linalofunguka huyu Marcel analipasua, analikimbiza kwa babu yake kitandani, wanainamisha vichwa na kuchungulia ndani kama wezi wanaogawana. Nikigomba, yule mzee anamtuma akalete jingine. Tangu Jumapili ya Matawi anakaa mwenyewe kitandani, anadai apewe miwani. Mchukue. Akapasue maua ya serikali."

Mkaguzi alicheka, akaandika kumi na moja. Bibi Agafia akageukia mlangoni. "Bado nimekasirika," akaniambia, na akanikazia macho niamini.

Darasa limebaki, Mama. Nimepata nilichotaka, na jana jioni nilikaa nikalia, kwa sababu najua ni nani anayelipia. Ukiniambia njoo, hata sasa nitakuja. Nimesema kweli.

Mwanao, Zina


Padova, 2 Mei 2004

Kweli amefufuka.

Mwanangu Zina, mimi ni mzima, na baada ya barua yako ni mzima zaidi. Mpe Agafia salamu zangu, uone atakavyozipokea. Haralampie mwambie aendelee kuwa mkaidi.

Ile nafasi nimeitoa. Nilivuka barabara juzi nikampeleka Ludmila, msichana wa kwetu, kutoka Orhei, mpole, hajui kupika ila atajifunza. Yule mama akaniuliza, "Na binti yako? Si ulisema anakuja?" Kiitaliano changu kinatosha kununua viazi. Hakitoshi kueleza habari za tulipu na mzee aliyedai miwani. Nikamwambia tu kwamba binti yangu ni mwalimu, na watoto wake wanamngoja.

Nililia nikirudi, sitakuficha. Barabara ni nyembamba, haikuchukua muda.

Usiniulize tena kama nataka uje. Nataka, na nitaendelea kutaka, na wewe baki. Vitoe vikombe vyako sandukuni. Septemba wapya wakija, niandikie majina yao wote, na nani ana mdomo mrefu, na nani anaogopa nyuki. Nitayasoma mezani jioni, nikiwa nakula.

Mama yako