Kwa Kaka Yetu Taratibu, Aliyesema "Mimi Naona"

Kaka, mwaka umetimia tangu tulipokuzika, na kile kiti chako kando ya mlango wa jikoni hakuna anayekikalia bila kukitazama kwanza. Shemeji amenipa mimi, mdogo wako, kazi ya kuandika haya. Alisema watoto wangekupamba hadi usijitambue.

Waumini walikuita Taratibu, na mwanzoni hawakuwa wanakusifu. Ukiulizwa chai au maji, ulitaka kujua kwanza kipi kimebaki kidogo. Ukianza kuchagua shati, shemeji alikuwa ameshafika getini. Lakini mgonjwa hakuwahi kukusubiri. Ulifika na vumbi lako viatuni, ukaosha vyombo vilivyolala kwenye beseni, ndipo ukaomba.

Hukuwa taratibu tangu zamani. Ulipokuwa mchungaji kijana ulisimama madhabahuni ukatangaza kwamba Bwana amekuonyesha ukumbi mkubwa ng'ambo ya barabara kuu, na kanisa lihamie huko. Watu wakaitikia amina, wakahama. Mvua zilipoanza, viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Wazee hawakuweza kuvuka ile barabara, na wenye watoto wadogo walichoka. Ukaenda kwa mama mwenye mgahawa, aliyekuwa ameacha kuja, ukiwa umejiandaa kumkemea. Hakuacha hata kumenya viazi.

"Mchungaji, ungesema ni wewe umeona, tungekwambia ni mbali. Ulisema ni Mungu. Nani angebisha?"

Jumapili iliyofuata ulikiri mbele ya wote kwamba lile lilikuwa wazo lako, ukalivika jina la Mungu. Mkarudi kwenye jengo la zamani na viti vichwani, wewe ukiwa wa mwisho.

Tangu hapo kila mpango wa kanisa uliuanza kwa miguu. Baada ya ibada ulimsindikiza mtu hadi kwake, kila juma mtu mwingine, ukimwuliza angekuwa yeye mchungaji angeanza na nini. Kisha ulifunga na kuomba. Ukirudi kwa wazee wa kanisa ulisema, "Mimi naona hivi. Nani haoni hivyo?" Halafu ulinyamaza hadi feni ikasikika. Mhasibu wa kanisa alilalamika kwamba makanisa ya wenzenu yana mipango ya miaka mingi imebandikwa ukutani. Ukamjibu kwamba mpango hata wewe unaupenda, ila hutaki ukuta uwe wa kwanza kuujua.

Ulipoanza kuugua ulihamia benchi la nyuma, ukawaachia wengine wahubiri. Wakigeuka kukutazama wapate ruhusa, ulijifanya unatafuta miwani.

Mwaka huu nusura wagombane, kaka. Wapo wanaotaka jengo lipanuliwe, na wapo wanaotaka kwanza chumba cha kulelea watoto wa akina mama wa sokoni. Kila upande ulikuja na wewe mfukoni: marehemu alitaka hivi, marehemu aliniambia mimi. Ilifika mahali hawasalimiani. Mwishowe wakaja sebuleni kwako, wakamtaka shemeji aseme wewe ulikuwa upande gani. Mimi nilikuwa nakaza komeo la mlango, na kusema kweli nilikuwa tayari kuwatoa nje. Shemeji akaweka sinia la chai chini.

"Wazee wangu, huyu alikataa kumsingizia Mungu. Msimsingizie yeye. Ninyi mnaona nini?"

Walikunywa chai. Kisha mhasibu, yule yule, akavaa viatu, akasema anapita kwa mama mwenye mgahawa amwulize. Mpinzani wake akamwambia amsubiri, waende wote.

Siku hizi ibada ikiisha tunawaona barabarani wawili wawili, wakisindikizana na kubishana. Bado hawajaamua. Ungefurahi sana.

Unakumbukwa na mke wako, ambaye bado anafika getini kabla ya wote. Watoto wako, mwalimu na dereva. Dada yetu mshonaji. Mimi mdogo wako, fundi wa milango. Na wajukuu wako, ambao kila mgeni akiketi wanamwuliza yeye anaonaje.

Hutoki mioyoni mwetu, Taratibu.